Ukuta wa Timazi

Mwalimu akiitaja darasani methali ya mficha uchi hazai, wanafunzi huinamia madawati yao na kucheka kichinichini, naye hujifanya kiziwi. Wahenga hawakuwa wakitania. Walisema jambo lililo wazi: mwanamke anayemwonea haya mkunga hatatoka chumbani na mtoto mikononi, na mtu anayeificha shida yake atabaki nayo hadi imalize kumla. Tatizo ni kwamba kila aisomaye methali hii hudhani imeandikiwa jirani yake. Ndivyo alivyodhani pia fundi saa mmoja, mtu mzima mwenye akili zake timamu, mpaka siku alipofuatana na rafiki yake kwenda kutazama sanaa ambayo wote wawili hawakuielewa.

Fundi huyo watu walimwita Nukta, kwa kuwa maisha yake yote yalipita juu ya vitu vyenye ukubwa wa nukta: skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, vigurudumu, springi nyembamba kama unywele. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka. Kilitosha meza moja, taa yenye shingo ndefu, na kiti cha mteja ambacho mteja alipokikalia, magoti yake yaliingia chini ya meza ya fundi. Akifanya kazi, Nukta alibana kwenye jicho la kulia kile kikombe cheusi chenye lenzi ya kukuzia, akalifumba la kushoto, na kwa muda wa saa nzima dunia yake ikawa na upana wa kifuniko cha chupa. Kwa miaka thelathini na moja jicho hilo la kulia ndilo lililolisha nyumba yake, likasomesha watoto, likaezeka paa.

Miezi minane kabla ya siku ninayoisimulia, alibana lenzi yake asubuhi moja akaona doa la moshi katikati ya saa. Akaifuta lenzi. Doa likabaki. Akaifuta saa, akafuta jicho kwa upindo wa shati, doa likamtazama vilevile. Basi alifanya nini? Alihamishia lenzi kwenye jicho la kushoto, akaendelea na kazi, akajiambia kwamba shida imekwisha. Hakumwambia mtu. Nani atampelekea saa yake fundi asiyeona? Muuza viatu wa jirani alikuwa na mdomo mpana kuliko mlango wa duka lake, na habari ingefika sokoni kabla Nukta hajazima taa.

Siri ya namna hiyo hailali peke yake kitandani, inataka uongo wa kujifunika. Chai ikimwagika nje ya kikombe, Nukta alisema alikuwa anawaza. Akishindwa kusoma barua, alisema wino ni hafifu. Kubwa kuliko yote lilikuwa la shemeji yake, dada wa mkewe, aliyekutana naye barabarani akamwamkia kwa bashasha. Uso wa shemeji uliangukia katikati ya ule moshi, kwa kuwa jicho la kulia ndilo lililozoea kutangulia, na Nukta akampita kama anavyopita nguzo ya umeme. Shemeji akaja juu, akasema siku hizi mume wa dada yake anajiona. Mkewe alipomuuliza, Nukta alijua kwamba akitamka "sikumwona" litafuata swali la pili, na la tatu. Akajibu, "Sikuwa na la kusema naye." Kwa jibu hilo la kipumbavu, ndugu wawili waliokuwa wakitembeleana kila Jumapili walikaa miezi mitano bila kukanyagiana mlango.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa mwashi. Naye hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Timazi, kama ule uzi wenye kipande cha shaba mwishoni ambao waashi huuning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Walimwita hivyo kwa sababu angeweza kupita nje ya nyumba ya watu akienda zake, akasimama, akafinya jicho moja na kusema kona ya jikoni imelala kwa unene wa kidole. Mara nyingi hakuwa ameulizwa. Yeye na Nukta walikuwa chanda na pete tangu walipopanga vyumba vya ukuta mmoja wakiwa makapera, na ukuta wenyewe Timazi aliulalamikia mpaka siku aliyohama.

Jumamosi moja mchana Timazi alikuja kibandani akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi, kadi mbili mkononi.

"Funga hapa, tunatoka," alisema. "Lile jumba la sanaa ya kisasa limefunguliwa. Mafundi tuliojenga tumepewa kadi, mtu na mwenzake."

"Kwa nini usiende na mkeo?"

"Mke wangu kasema kuta nimemwonyesha za kutosha."

"Kwani tunakwenda kuangalia kuta?"

"Wengine wataangalia picha. Sisi tutaangalia kuta," Timazi alisema bila hata chembe ya mzaha. "Mwaka mzima nimekula vumbi mle ndani, na wewe hata siku moja hujaniuliza nimejenga nini."

Nukta hakutaka kwenda. Mahali pageni palimtia hofu siku hizo, kwa ngazi asizozijua na nyuso zisizokuwa na pua. Lakini kukataa kunahitaji sababu, na sababu zake za mwezi ule alikuwa amezimaliza zote. Akafunga droo, akazima taa, akamfuata mwenzake.

Chumba cha kwanza kilimpokea vibaya. Aliinua kichwa akaona viti, labda arobaini, vimeganda darini miguu ikielekea juu. Je, viti viko darini kweli, au jicho limeanza kugeuza vitu chini juu? Alijifanya anajikuna nyusi, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama kwa la kushoto. Viti vilikuwa palepale. Hata hivyo hakujiamini. Akaamua kumpima mwenzake kwa ujanja.

"Viti hivi vimekaa vizuri," alisema.

"Vizuri wapi, na vimepinduliwa?" Timazi alimshangaa.

"Ndiyo, vizuri kwa kupinduliwa."

Timazi alisogea kwenye kibao kidogo cha maelezo, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "'Bila Jina, Namba Kumi na Nne.' Hebu sikia! Mtu amekosa jina mara kumi na nne, na bado anaendelea." Kisha akapapasa ukuta chini ya kibao, akatabasamu kama mama aliyemkuta mtoto wake amelala salama.

Chumba cha pili kilikuwa na picha kubwa ya uso wa mtu, na katikati ya uso, penye macho na pua, palikuwa pamefutwa, pamebaki ukungu wa kijivu. Nukta alisimama mbele yake akiwa ameduwaa. Kila uso aliouona kwa miezi minane ulikuwa hivi hivi. Akajikuna tena nyusi, akaziba la kulia. Ukungu ulibaki. Kumbe safari hii mchoraji ndiye aliyefuta! Alishusha pumzi ndefu, kisha akachanganyikiwa upya, kwa kuwa hakujua ni kwa nini mtu mwenye macho mawili mazima akae na kuchora kile ambacho yeye alikuwa anakikimbia. Katika chumba cha tatu runinga ilimwonyesha mwanamke akimenya kitunguu bila sauti. Walisubiri amalize. Alipomaliza alichukua kingine. Timazi alitumia muda huo kugonga ukuta kwa konzi, akitega sikio.

"Sikia hapo. Pameshiba, hamna uwazi hata wa sindano."

"Mzee, tafadhali usigonge," alisema mlinzi wa chumba, dada mmoja aliyevaa suti nyeusi.

"Nimeujenga mimi, mwanangu."

"Hata hivyo, mzee."

Kila walipoingia mahali papya, Nukta alijikuna nyusi, akaziba jicho, akatazama, akaachia. Alianza kuzoea. Ni katika chumba cha mitungi ya maji iliyokuwa ikitetemeka yenyewe ndipo Timazi alipomgeukia ghafla.

"Jicho lina nini? Umelisugua tangu mlangoni."

"Kijidudu."

"Kijidudu gani kitapita humu na madirisha hayafunguki? Hebu nione."

"Kimetoka!" Nukta alirudi nyuma hatua mbili. Alitia mikono yote miwili mifukoni, akaapa moyoni kwamba hataligusa tena jicho hilo mpaka afike nyumbani. Hakutambua kwamba kwa kiapo hicho alikuwa ametupa fimbo pekee aliyokuwa akitembelea.

Mwishowe waliingia ukumbi mkubwa uliokuwa mtupu, isipokuwa ukuta mmoja. Timazi alinyamaza. Mtu aliyekuwa akiongea tangu kibandani alinyamaza kabisa, akamshika rafiki yake mabega, akamsukuma taratibu hadi katikati ya ukumbi.

"Simama hapa. Usiseme kitu kwanza."

Ukuta ulikuwa mweupe, mrefu kuliko nyumba ya kawaida, umechorwa mistari myembamba myeusi, mingine ikishuka na mingine ikikata, mpaka ukawa na visanduku vidogo vidogo maelfu. Timazi alimnong'oneza habari yake. Msanii alikuja na wasaidizi wanne, hakuna hata mmoja aliyejua kuvuta uzi. Timazi alipowaona wanahangaika alishindwa kuvumilia, akaacha kazi yake, akawavutia nyuzi kwa siku tatu, mstari baada ya mstari, wao wakifuata kwa penseli na wino. Katika maisha yake alijenga kuta nyingi za kuficha vyoo na jiko. Huu ndio ukuta wa kwanza ambao watu walilipa kiingilio ili wautazame.

Hivyo ndivyo alivyoeleza. Alichokiona Nukta kilikuwa kingine. Mistari ilitoka pembeni ikiwa imenyooka, ikafika karibu na katikati ikaanza kupinda, kama shuka iliyovutwa kwa kidole kutoka nyuma. Katikati kabisa ilizama katika moshi wa kijivu, ikapotea. Mkono wake ulitaka kupanda usoni. Akahisi macho ya Timazi yakimtazama, akaurudisha mfukoni. Alichanganyikiwa kabisa. Katika nyumba hii viti vinakaa darini, nyuso zinafutwa, kitunguu kinamenywa mpaka kesho. Kwa nini mistari isipinde? Nani angemwambia ni ipi kazi ya msanii na ni ipi kazi ya ugonjwa? Na mtu akionyeshwa mtoto wa mwenzake, husifia.

"Nzuri sana," alisema. "Hasa hapo katikati ilipopinda."

"Ilipo nini?"

"Ilipopinda. Wameipatia kweli."

Kabla Timazi hajafungua kinywa, mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yao alisogea. Alikuwa amejifunga kitambaa cha hariri shingoni, na mkononi alikuwa na daftari.

"Samahani kuwaingilia," alisema. "Baba, umesema kitu ambacho nimekitafuta hapa nusu saa nzima. Inapinda! Haijatulia hata kidogo."

"Na katikati inayeyuka?" Nukta aliuliza.

"Inayeyuka!" Yule mama akaandika.

Nukta alitamani kumkumbatia. Miezi minane alikuwa amebeba jambo hili peke yake kama mtu aliyebeba mzigo wa wizi, na leo mama msomi, mwenye daftari, anaona moshi ule ule. Basi jicho ni zima! Huenda halikuugua kamwe. Furaha ikamlegeza ulimi, akatoa mkono mfukoni na kuanza kuonyesha. "Pale juu inakaza, hapa chini inalegea, halafu pale pana shimo la moshi."

"Shimo," alisema mama, akaandika na hilo.

Uso wa Timazi ulikuwa umekunjamana. "Mama yangu," alisema kwa adabu ya kujilazimisha, "nionyeshe mstari mmoja tu uliopinda. Mmoja."

"Si kwa macho, mzee. Naongea kwa hisia."

"Aa. Kwa hisia." Timazi akamgeukia rafiki yake. "Na wewe ni kwa hisia?"

Maneno ya mama yalimpiga Nukta kama maji ya baridi. Kwa hisia! Kumbe haoni chochote! Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake. Angesema tu ndiyo, kwa hisia, na mambo yakaisha. Lakini mwongo aliyefika mbali huona kurudi ni kukiri, na kadiri alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kujikaza.

"Mimi nasema ninachokiona," alisema. "Imepinda, Timazi. Usikasirike, mwenzangu. Hakuna ukuta usiopinda."

Kumwambia Timazi neno kama hilo, mbele ya watu, mbele ya ukuta ule, kulikuwa sawa na kumtukania mamaye. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "umewahi kunisikia nikisema saa uliyotengeneza inachelewa? Hata ile uliyonipa ikasimama njiani, nilimwambia mtu?"

Timazi alitia mkono katika mfuko wa suruali yake iliyopigwa pasi, akatoa kipande chake cha shaba na uzi wake. Alinyoosha mkono juu, akauachia uzi ushuke mbele ya ukuta.

"Mzee, usiguse kazi ya msanii!" yule dada mlinzi alikuja mbio kutoka chumba cha jirani.

"Siigusi, mwanangu. Naitetea." Kisha kwa Nukta: "Tazama uzi, halafu tazama mstari. Niambie kipi kimepinda."

Nukta alitazama. Kipande cha shaba kiliyumba, kikatulia. Na uzi ukapinda.

Alipepesa macho. Uzi ulikuwa bado umepinda, tumbo limetoka upande mmoja kama upinde. Sasa mtu anaweza kubishana kuhusu picha mpaka jua lizame, na hata ukuta una mwashi wake anayeweza kukosea. Uzi uliofungiwa shaba hauna hisia wala usanii. Unashuka chini tu, na Nukta, aliyeishi maisha yake na vyombo vya kupimia, alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale ukumbini. Kama uzi umepinda, anayedanganya ni jicho.

Alifumba la kushoto, akatazama kwa la kulia. Uzi ulikatika vipande viwili, katikati umemezwa na moshi. Hilo alilijua. Kisha alifumba la kulia, ili la kushoto, lililomlisha miezi yote minane, lije kumtolea ushahidi. Uzi ulinyooka. Karibu unyooke. Katikati palikuwa na kikunjo kidogo sana, kama unywele uliokunjwa na ukucha. Akasogeza kichwa kulia, kikunjo kikasogea naye. Akasogeza kushoto, kikamfuata.

Kwenye vigurudumu vya saa, ambavyo ni vya mviringo vyote, asingekiona kikunjo hicho mpaka kiwe moshi. Hofu aliyoipata Nukta wakati ule hakuwahi kuipata maishani, si siku aliyofiwa na baba yake, si siku kibanda kiliponusurika moto. La kushoto pia!

Timazi alikuwa amemwona akikaa kimya, akadhani ni ukaidi. Akaanza kuuzungusha uzi wake kidoleni. "Sawa," alisema. "Umeona, umenyamaza. Mimi nakwenda. Kesho usinipitie, na kesho kutwa usinipitie." Akageuka, akashika njia ya mlangoni.

Viatu vyake vililia sakafuni, hatua moja, mbili, tatu. Nukta alivisikia na kuelewa kwamba akinyamaza tu, siri itabaki salama. Rafiki ataondoka na siri itabaki. Baadaye mteja naye ataondoka, na mwanga pia, na siri bado itabaki, imeketi naye gizani. Akapiga moyo konde.

"Timazi!"

"Nini tena?"

"Ukuta wako umenyooka."

"Sasa hivi umenyooka? Dakika mbili zilizopita ulikuwa umepinda!"

"Sijui kama umenyooka. Nasema umenyooka kwa sababu nakujua wewe. Mimi sioni."

Timazi alisimama. "Huoni nini?"

"Hata wewe nikikutazama usoni, sikuoni. Naona masikio mawili, katikati moshi." "La kulia limekwenda. Nilihamia la kushoto, na la kushoto leo ndiyo nimeona limeanza. Uzi wako umepinda, ndugu yangu. Uzi!"

Timazi alirudi zile hatua zote kwa mbio ambazo hazikulingana na umri wake. Mama mwenye daftari alikata mistari miwili mitatu aliyokuwa ameandika, akaondoka kimyakimya.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane!" Sasa ndipo Timazi alipofoka, na dada mlinzi hakumkataza. "Kijidudu! Kijidudu cha miezi minane! Mjinga mkubwa wewe, unajua ningekubeba mgongoni mpaka hospitali siku ya kwanza? Ungeniambia mimi tu, mimi tu peke yangu!" Machozi yalikuwa yakimtoka huku akitukana. Alimshika Nukta mkono wa juu, kwa nguvu, kama mtu anayeshika ngazi isianguke, wakatoka wakipita mitungi, kitunguu, uso na viti bila kutazama kimoja.

Nyumbani kwa Nukta, Timazi alikataa kukaa. Alisimama mlangoni, akasema hatoki mpaka mwenzake aseme. Nukta akasema. Mkewe alisikiliza mikono ikiwa imelowa povu la kufulia, na maelezo yalipofika mwisho aliuliza swali ambalo mumewe hakulitegemea.

"Kwa hiyo dada yangu, siku ile..."

"Sikumwona."

"Uliniambia huna la kusema naye."

"Nilikuambia hivyo."

Mkewe alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Miezi mitano," alisema, "nimemla nyama dada yangu moyoni, naye amenila, kwa neno moja ulilolimeza wewe?" Mkewe alijifuta mikono, akachukua simu, akaingia chumbani na kufunga mlango. Walimsikia akipaza sauti, kisha akilia, kisha, baada ya muda mrefu, akicheka.

Siku mbili baadaye walikuwa mbele ya daktari wa macho, wote watatu, ingawa vilikuwapo viti viwili tu. Daktari, binti wa umri wa mwanawe, alimpa Nukta kadi ndogo ya kupimia macho. Ilikuwa na visanduku vidogo vya mistari myeusi.

"Hii nimeshaiona," Nukta alisema. "Ila ile ilikuwa kubwa kama ukuta."

Daktari alimtazama juu ya miwani yake bila kuelewa. Timazi akaanza kumweleza habari za nyuzi na siku tatu, mpaka mke wa Nukta alipomkanyaga mguu.

Walipima, wakatia dawa, wakapima tena. Daktari alieleza kwa lugha nyepesi kwamba nyuma ya jicho kuna sehemu ndogo ya kuonea kilicho mbele yako, na hapo vijishipa vilikuwa vikivuja. Vinazuiwa kwa sindano, si moja, kila mwezi kwa muda.

"Sindano ya wapi?" Timazi aliuliza.

"Ya jichoni."

Timazi alitoka nje kutafuta hewa. Mkewe Nukta ndiye aliyeuliza lililobaki. "Na la kulia, daktari?"

Daktari aliiweka kalamu mezani. "La kulia limeshaweka kovu. Kovu sina dawa yake. Angekuja mwezi wa kwanza, hata wa pili, tungekuwa tunaongea mengine. Ugonjwa haukumnyima muda." Akaichukua tena kalamu. "Hili la kushoto lina wiki chache tu. Hili limewahi."

Nukta aliitazama mikono yake juu ya magoti, mikono iliyojua kushika skrubu isiyoonekana, na akalia mbele ya binti wa umri wa mwanawe bila kuona haya. Alilia kwa ajili ya jicho la kulia, ambalo hakuna aliyemnyang'anya. Kisha akajifuta, akauliza sindano inachomwa leo au kesho. Akaambiwa leo.

Alipotoka alikuwa amefungwa bandeji upande wa kushoto, mkewe amemshika kiwiko. Kwenye ukumbi wa kungojea watu walijaa kwenye mabenchi. Mama mmoja aliyekaa pembeni alisogea kumpisha, akamuuliza kama watu wanavyoulizana hospitalini, "Pole, baba. Wamekwambiaje?"

"Hili la kulia nililificha miezi minane," Nukta alisema, na sauti yake ilisikika benchi zima. "Limekufa. Hili la kushoto nililitaja siku ile ile nilipoligundua. Daktari anasema litaona."

Mama yule alitikisa kichwa kwa huruma. "Mimi si mgonjwa," alisema. "Nimemsindikiza mume wangu tu." Akautazama mkono wake wa kushoto uliolala mapajani, umekufa ganzi kama si wake, akavuta mtandio kuufunika. Kisha akaufunua. "Baba watoto," alimwita mumewe aliyekaa kando yake, kwa sauti ndogo, "na mimi kuna kitu sijakuambia."

Naam, wahenga waliliona hilo zamani, nao hawakulipaka sukari: mficha uchi hazai.